Mama mkwe yuko kwenye dripu za saratani na hataki kukaa kitandani. Nimzuie?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mkamwana, naishi Kibosho na mama mkwe wangu mwenye miaka 58. Miezi mitatu iliyopita aliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani kwa sababu ya saratani. Kidonda kimepona. Sasa anatundikiwa dripu kila baada ya wiki tatu, ile dawa nyekundu. Ameshapata mbili, bado mbili, halafu wamesema watambadilishia nyingine. Siku tatu nne za kwanza hali wala hanywi vizuri, lakini akipata nafuu tu namkuta jikoni anamenya ndizi, au yuko bandani kwa ng'ombe. Wifi zangu wapo Dar. Wakipiga simu ya video wakamwona amesimama, kesi ni yangu: namtumikisha mgonjwa. Wao wanataka alale, na mkono wa kulia asiutumie kabisa. Mwenyewe anasema akilala ndiyo anachoka zaidi. Nimsikilize nani? Na kama anaruhusiwa kufanya kitu, ni kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na pole ya pili kwa kuuguza huku unasimamiwa kwa kamera.

Msikilize mama mkwe wako. Si kwa kila kitu, na habari ya ng'ombe nitaifikia mwishoni, lakini hapo aliposema akilala ndiyo anachoka zaidi amekupa maelezo ambayo mimi huyatafuta kwa wagonjwa kwa maswali kumi. Sisi tumezoea uchovu wa shamba: umelima kutwa, mwili unauma, ukilala unaamka mwepesi. Uchovu wa saratani na dawa zake hauna adabu hiyo. Mtu analala masaa kumi na kuamka kama aliyekesha. Unatokana na mengi kwa pamoja: dawa zenyewe, damu iliyopungua, chakula kisichoshuka, usingizi wa vipande vipande, na ile hofu ambayo kwenu nyumbani hakuna anayeitaja mbele yake. Katika hayo yote hakuna hata moja linalotibiwa na godoro.

Godoro linaongeza lake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowalaza wazee wazima wa afya siku 10 mfululizo. Walipoinuka, walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na saratani, walikuwa wanakula, na hakuna aliyewatundikia dripu. Sasa fikiria mama mwenye miaka 58 asiyekula wala kunywa vizuri siku tatu nne kila mzunguko wa dripu. Misuli ikipungua, kwenda chooni tu kunakuwa kama kupanda mpaka kwenye geti la mlima. Anarudi anahema. Mkimwona anahema mnamwambia, "Si tulikwambia ulale?" Analala, misuli inapungua tena. Nimeona wamama waliomaliza dripu zote salama, vipimo vizuri, lakini wakahitaji kushikwa mkono kushuka ngazi mbili za baraza.

Usiwaone wifi zako kuwa wajinga, hata hivyo. Wanachosema ndicho madaktari wenyewe walichosema kwa miaka mingi: mgonjwa wa saratani apumzike, atunze nguvu zake. Mambo yalianza kugeuka miaka ya 1980, wauguzi watafiti Maryl Winningham na Mary MacVicar wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipowapandisha wanawake waliokuwa kwenye dripu za saratani ya titi juu ya baiskeli za mazoezi zisizotembea, wakaona wanazidi kupata nguvu badala ya kuanguka. Ilichukua muda. Mwaka 2010 jopo lililoitishwa na chama cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani lilitoa ushauri ambao ningeubandika kwenye kila wodi: wagonjwa waepuke kukaa tu bila kujishughulisha. Mwaka 2019 jopo la pili lililoitishwa na chama hicho likatoa kipimo chenyewe, yaani mwendo wa kuhemesha kiasi kwa dakika 30, mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu mara mbili kwa wiki. Na mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kikawataka madaktari wawaelekeze kufanya hivyo wagonjwa walio katikati ya matibabu yanayolenga kuponya.

Faida zilizothibitika ni hizi za maisha ya kila siku: uchovu unapungua, wasiwasi na huzuni vinapungua, mwili unamudu kazi zake. Sisemi mazoezi yanaponya saratani, na mtu akikuletea maneno hayo muulize anauza nini. Kuna utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2025, wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, ambapo waliofuata mpango wa mazoezi wa miaka mitatu walirudiwa na ugonjwa kidogo kuliko wenzao waliopewa kijitabu cha ushauri tu. Baada ya miaka minane waliokuwa hai walikuwa asilimia 90 dhidi ya 83. Ni habari njema kweli. Lakini ilikuwa saratani ya utumbo, na walianza baada ya kumaliza upasuaji na dripu. Mama yako ana ugonjwa mwingine na yuko katikati ya safari, kwa hiyo kwake tusiahidi zaidi ya tunachokijua.

Sasa mkono. Hapa nina la kukiri. Nilipoanza kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nilifundishwa na mimi nikafundisha kwamba aliyetolewa tezi za kwapa asinyanyue chochote kwa mkono ule maisha yake yote. Mama mmoja, mshonaji, alinitii kuliko nilivyotarajia. Aliufunga mkono kwa kanga kifuani, kama mtoto. Aliporudi baada ya wiki kadhaa bega lilikuwa limekamaa, haliinuki kufika hata usawa wa sikio, na tulihangaika nalo miezi. Yule mama hakuwa na kosa lolote, alikuwa ametekeleza ushauri wangu.

Hofu yetu ilikuwa ya kuvimba mkono. Tezi za kwapa ndizo zinazopitisha maji ya mwili kurudi kwenye mzunguko. Zikiondolewa, maji yanaweza kutuama, mkono ukajaa na kuwa mzito, na wengine hali hiyo huwajia hata baada ya miaka. Kwa hiyo ilionekana busara kuupumzisha. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wakianza na uzito mdogo sana na kuongeza taratibu chini ya usimamizi, mkono ukiwa umevalishwa soksi maalumu ya kubana. Walionyanyua hawakuvimba zaidi ya wasionyanyua, na vipindi vya mkono kulipuka uvimbe vilikuwa vichache kwao. Ni kama mfereji: maji yakitembea, tope halikai, na katika mkono kinachosukuma maji ni msuli unaokaza na kulegea.

Kwa hiyo kumenya ndizi, achia amenye. Achane nywele zake (au afunge kilemba, maana najua dawa nyekundu imeshazichukua), aanike nguo nyepesi kwenye kamba, afagie. Asubuhi na jioni asimame akitazama ukuta, aweke vidole na kuvipandisha polepole kama buibui mpaka bega livute bila kuuma vikali, ahesabu mpaka tano, ashuke. Weka alama ya chaki alipofika. Baada ya wiki mtaona chaki imepanda, na hiyo ndiyo picha ya kuwatumia wifi. Uzito aanze na chupa ya maji ya nusu lita mkononi, ambayo ni nusu kilo, akunje na kukunjua kiwiko mara nane hadi kumi. Ikikaa wiki mbili bila mkono kujaa wala kuwa mzito, aende kwenye chupa ya lita moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mkungu wa ndizi nao usiseme: hivyo kwa sasa havimhusu, si kwa mkono, si kwa kichwa. Na mkono ule ukiwa mwekundu, wa moto na unauma, huenda vijidudu vimeingia kwenye ngozi. Ni hospitali siku hiyohiyo, wala msianze kuukanda kwa maji ya chumvi.

Kuhusu kiasi, fuata kalenda ya dripu. Huwezi kumpangia ratiba moja kwa siku zote 21, maana mwili wake haukai sawa siku zote hizo.

Siku nne tano za kwanza usidai kitu. Asikae tu kitandani kutwa: akae kwenye kiti juani asubuhi, atembee ndani mpaka barazani, azunguke nyumba mara moja, anywe maji. Akitapika au asipokula kabisa, hata hilo liache. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu zinaposhuka chini kabisa. Kinachodanganya ni kwamba wengi hapo wanajisikia nafuu, wanataka kwenda sokoni Kiboriloni au kwenye msiba wa jirani. Miguu iko tayari, kinga haiko. Wiki hiyo atembee, tena atembee kila siku, lakini ndani ya kihamba, shamba lenu la nyumbani, na kwenye njia isiyo na watu. Wiki ya tatu ndiyo yake. Hapo aongeze umbali, na hapo ndipo mpate zile dakika 30, ambazo si lazima ziwe za mkupuo mmoja. Kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni ni hesabu ileile. Dripu inayofuata itamrudisha nyuma, na mzunguko wa nne huenda akashindwa aliyoyaweza wa pili. Dawa zinajikusanyia uchovu mwilini, kwa hiyo mwambieni mapema asije akadhani ugonjwa umemshinda.

Kipimo cha kasi hakihitaji saa. Akiwa anatembea, aweze kuongea na wewe bila shida lakini asiweze kuimba. Kama anaweza kuimba pambio zima bila kukatika pumzi, na akaze mwendo. Kama hawezi kumaliza sentensi, apunguze au akae.

Nyie mnaoishi mlimani mna tatizo ambalo vitabu vya wenzetu havilijui. Mgonjwa wa mji tambarare akiambiwa tembea anatoka tu. Kwenu, akitoka getini anashuka, anashuka kwa raha, anafika barabarani kwenye duka, halafu nyumbani kuko juu. Ndipo mnapompigia simu kijana wa bodaboda. Mfundishe aanze kwa kupanda: nguvu ikiwa mbichi apande, akihisi nusu ya nguvu imekwisha ageuke, ashuke kuja nyumbani. Umbali upimeni kwa alama zenu wenyewe, leo mpaka mgomba wa kwanza, kesho kutwa mpaka mferejini, wiki ijayo mpaka kwa jirani wa juu. Ashike fimbo. Wakati wa masika, udongo wenu mwekundu ukishalowa, atembee barazani na ndani, maana kuteleza ni balaa kuliko siku moja ya kukosa mazoezi. Hilo litazidi kuwa muhimu akibadilishiwa dawa: kama ni paklitaksel, ambayo mara nyingi ndiyo hufuata baada ya ile nyekundu, inaweza kumletea ganzi na sindanosindano kwenye nyayo. Akisema anakanyaga kama kwenye pamba, ndala za kuchomeka kidole ziwekwe kando, avae viatu vilivyofunga mguu, na muiambie kliniki.

Miguu nayo ina zoezi lake moja ninalolipenda kuliko yote: kuinuka kwenye kiti bila kujishika, na kukaa taratibu. Mara tano kwanza, kisha nane, kisha kumi. Kiti kiegemee ukuta. Aliyeweza hilo ataweza choo, atapanda daladala, na ataweza kupiga magoti kanisani na kuinuka mwenyewe.

Chakula nitakipita haraka: msuli haujengwi kwa ndizi peke yake. Mtori uwe na nyama iliyopondwa, mayai yaive, maharage na dagaa viwepo.

Sasa mambo ya kusimamisha kila kitu. Nunua kipimajoto duka la dawa. Joto likifika nyuzi 38, ni hospitali hata kama ni saa nane usiku. Usimpe panadol ukasubiri kuche, maana homa wakati kinga imeshuka inaweza kumchukua mtu ndani ya masaa. Vivyo hivyo maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kuanguka, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, chini ya goti, maana damu inaweza kuwa imeganda, na hapo usimkande wala kumchua. Dawa nyekundu ina tabia ya kuuchosha moyo. Akianza kuhema akilala chali, au vifundo vyote viwili vikajaa, usiseme ni mazoezi yamezidi, mpeleke. Maumivu mapya ya mgongo au nyonga yasiyopoa usiku, au miguu kuisha nguvu ghafla, nayo yaonwe kabla hajanyanyua hata chupa.

Kabla ya kila dripu wanampima damu. Uliza majibu, ni haki yenu. Wingi wa damu (hemoglobini) ukiwa chini ya 8, atembee ndani tu mpaka daktari aseme. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini ya 50,000, mazoezi ya kunyanyua na kukaza nguvu yawekwe kando, kwa sababu atavuja damu kirahisi. Mkiwa kliniki hapohapo ombeni mwonwe na mfiziotherapia. Kama mnatibiwa hospitali ya KCMC, Moshi, hamna kisingizio: wafiziotherapia wamekuwa wakifundishwa pale tangu miaka ya 1970. Wengi wanaondoka kliniki bila kuonana nao kwa sababu tu hakuna aliyeuliza. Na ikitokea baadaye akapangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ile safari ya basi ya kutwa nzima ni ndefu kwa damu ya mgonjwa wa saratani, ambayo hupenda kuganda. Akanyage na kuinua visigino kila baada ya muda, anywe maji, na basi likisimama Korogwe au Mombo ashuke atembee, asiletewe chipsi dirishani.

Nirudi kwa wifi zako, maana nadhani ndilo swali lenyewe. Wewe ni mkamwana. Ukisema "mtaalamu amesema mama atembee", watasikia "nimechoka kumhudumia". Kwa hiyo usiseme wewe. Kliniki ijayo mwombe daktari aandike kwenye daftari la mama, kwa maneno machache, kwamba anatakiwa kutembea na kufanya kazi nyepesi. Piga picha, iweke kwenye kundi la familia bila maneno yoyote. Au daktari akikubali, mpigieni wifi mkubwa mkiwa palepale mezani kwake. Kisha wape kazi. Wifi wa Dar hana namna ya kumsaidia mama yake isipokuwa kwa kutuma hela na kuogopa, na hofu isiyo na kazi hugeuka kuwa ukaguzi. Mmoja apige kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atembee na mama kwenye simu, mama akiwa njiani kwenda mferejini. Atajisikia anauguza, na wewe utapata dakika 30 za kunywa chai yako.

Na mama mwenyewe mwulize anataka kufanya nini. Kwa mwanamke aliyeendesha nyumba miaka 35, kunyang'anywa kisu cha ndizi ni ugonjwa wa pili. Mwachie kazi moja iwe yake, ambayo hata wewe unaomba ruhusa kuigusa.

Isiwe ya ng'ombe, ingawa. Kukata majani na kuyabeba kichwani hapana, mpaka dripu ziishe na mkono uwe umezoezwa. Kusafisha banda hapana kabisa: samadi ina vijidudu visivyomtisha mtu mwenye afya, lakini vitamwingia yeye kupitia mkwaruzo mdogo tu. Akitaka kumwona ng'ombe wake, wiki ya tatu akae nje ya banda kwenye kigoda, amsemeshe, akuelekeze unavyokosea kukamua, maana najua atakuelekeza. Akishika panga dogo kupogoa majani ya mgomba avae glavu mkono wa kulia, na akijikata hata kidogo aoshe kwa sabuni palepale. Na maziwa yachemke mpaka yafure ndipo anywe, hata yale ya kutia kwenye chai.